Muuza sanamaki aliyechelewa kumuuliza mumewe

Ni saa moja na nusu asubuhi. Wenzake ndiyo kwanza wanafagia mbele ya meza zao, lakini kwake mteja amekwisha simama. Ni mwanamume wa makamo, kavaa shati la kazini, funguo za gari zinalia mkononi mwake. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anainama kama mtu anayetaka kunusa karafuu.

"Nipimie sanamaki," ananong'ona. "Siyo yangu. Ni ya mama mkwe."

Mwanamke aliye nyuma ya meza hashiki kijiko. Anakaza kilemba chake, naye anashusha sauti. "Mama mkwe hajapata choo tangu lini?"

"Aa... siku kadhaa."

"Anatapika? Tumbo limevimba?"

"Hapana."

"Ameona damu?"

Funguo zinanyamaza. "Mama, mimi nimekuja kununua majani. Kwani hapa ni hospitali?"

"Siyo hospitali, baba. Ndiyo maana nauliza."

Mwanamume anasonya, anageuka na kwenda zake. Meza ya tatu kutoka pale anapimiwa alichotaka bila hata kusalimiwa. Mwanamke anamsindikiza kwa macho mpaka anapotelea kwenye msongamano wa wanunuzi.

"Mama mkwe," anasema huku akitikisa kichwa. "Soko hili lina mama wakwe wengi, na wote matumbo yao magumu."

Hapa sokoni wanamwita Mama Maswali. Wengine humwita hivyo kwa mapenzi, wengine kwa kumcheka. Pamoja na karafuu na iliki kidogo, anauza vitu ambavyo watu huvitumia nyumbani kusafisha matumbo: sanamaki, yale majani makavu yanayochemshwa kulainisha choo, haluli, ile chumvi chungu ya kuharisha, na mafuta ya nyonyo, mazito, yenye harufu ambayo ukishaijua huisahau. Kazi hii aliirithi kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akiuza hapa hapa, kwenye makopo haya haya ya bati.

Kwa miaka mingi hakuwa na maswali. Alikuwa na masikio tu. Watu walikuja, wakamsimulia mambo ya chooni ambayo hata padri au shehe hawezi kuyasikia, wakapimiwa, wakaondoka wepesi hata kabla ya kunywa dawa. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akifika kila mwisho wa mwezi kununua haluli ya nyumba nzima, wakubwa kwa watoto, eti kuutoa uchafu wa mwezi mzima. "Nilikuwa nampimia na kumcheka," anasema. "Leo hao watoto wakinijia kichwani, sicheki."

Mumewe alikuwa fundi wa kushona, na kila mtu alimwita Fundi, pamoja na yeye mkewe. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza lililotazamana na meza ya mkewe, kiasi kwamba waliweza kutaniana bila kupaza sauti. Watu wa soko walizoea kuwasikia.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula, bibie. Wewe umeuza?"

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao ya mchana. Jioni walifunga pamoja na kutembea nyumbani, yeye kabeba makopo, Fundi kabeba nguo za wateja begani.

Ulifika wakati Fundi akawa anainuka mara kwa mara kwenye cherehani. Akaja na mto wa kukalia. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba kiti kimezeeka. Akaanza kuacha chakula sahanini, akisema amekula kwa rafiki. Kopo la sanamaki nalo likawa linashuka haraka kuliko mauzo. Mama Maswali alidhani mkono wake umekuwa mkarimu katika kupima, akajionya.

"Mtu akikonda, nguo zake ndizo zinazomsema," anaeleza. "Suruali inamlegea, watu wanaona. Lakini huyu alikuwa fundi."

Aliligundua jambo hilo siku ya kufua. Alikuwa kakaa uani na beseni, akaigeuza suruali ya mumewe nje ndani ili asugue vizuri kiunoni. Vidole vyake vikagusa kitu kinene. Akatazama. Kulikuwa na mshono juu ya mshono, mmoja umeingia ndani ya mwingine, kila mmoja umenyooka na kufichwa kwa ustadi. Akachukua suruali ya pili. Nayo hivyo hivyo. Ya tatu, ile ya kutokea, ilikuwa imepunguzwa kiunoni mpaka mifuko ya nyuma ilikaribia kukutana.

Aliinuka na suruali ikimchuruzikia maji, akaingia nayo chumbani. Fundi alikuwa kajilaza, kaupa ukuta uso.

"Fundi, hii nini?"

Mumewe aligeuka, akaitazama suruali, kisha akamtazama yeye. "Kazi nzuri, sivyo?" alisema. Halafu tabasamu likamfutika usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Choo kinakuja kwa shida, kinakuja chembamba. Nikinywa sanamaki yako napata nafuu siku mbili, halafu kinafunga tena."

"Na damu?"

"Kidogo. Nilijua ni bawasiri. Kazi yangu ya kukaa, unaijua."

Siku hiyo ndipo mambo yote yalipomwagika. Sanamaki ilipochoka kumsaidia, alihamia kwenye haluli, akiikoroga kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi mkewe akiwa anaoga. Akaja kwenye mafuta ya nyonyo. Akanunua kwa kijana mmoja mwenye kipaza sauti unga wa kijani uliosifiwa kwamba unakwangua utumbo na kutoa sumu zote tangu mtu azaliwe. Mwishowe alinunua bomba la mpira, lile la kuingiza maji kwa nyuma, akawa anajisafisha mwenyewe kwa maji ya sabuni. Bomba lenyewe alilificha ndani ya mfuko wa vipande vya vitambaa, mahali ambapo hakuna mtu angeweka mkono.

"Nilimwambia, mume wangu, watu wote wa soko hili wananieleza habari za matumbo yao. Wewe unashindwa nini? Unajua alinijibu nini?" Mama Maswali anafuta meza ambayo haina vumbi. "Alisema, 'Hao wanakueleza kwa sababu wakishanunua wanaondoka. Mimi nalala na wewe.'"

Kesho yake walikwenda hospitali. Fundi alipimwa, akaingizwa kamera ndogo ya kuangalia utumbo, na daktari akawaita wote wawili. Kulikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Ulikuwa wa saratani, na ulikuwa umekwisha fika kwenye ini. Mama Maswali anakumbuka kwamba daktari hakuwalaumu. Aliuliza tu damu ilianza lini, na Fundi alipojibu, aliiweka kalamu chini polepole.

Walimfanyia upasuaji wa kumpunguzia mateso. Alirudi nyumbani na mfuko tumboni wa kupokea choo. Mwanamume ambaye hakutaka mkewe ajue kwamba hapati choo, sasa mkewe ndiye aliyemsafisha asubuhi na jioni. Siku za mwanzo Fundi alifumba macho. Baadaye akazoea, akaanza hata mzaha. "Bibie, leo umeuza?" alimwuliza siku moja, mkewe akiwa kashika mfuko huo mkononi. Walicheka mpaka binti yao akaja mbio kutoka jikoni, akidhani wanalia.

"Tulizungumza miezi ile kuliko miaka yote ya ndoa," anasema. "Alinieleza anavyoogopa. Nikamweleza ninavyoogopa. Nikawa najiuliza, kumbe maneno haya tulikuwa nayo? Yalikuwa wapi?"

Fundi alifariki kabla ya mvua nyingine kuanza. Suruali alizozipunguza hakuna ndugu aliyeweza kuzivaa.

Baada ya msiba, meza ilikaa imefunikwa turubai. Mama Maswali alitaka kuyatupa makopo. Binti yake, msusi wa nywele, alimsihi asiyatupe, maana sanamaki haikumuua baba. Lakini yeye hakuweza hata kuisikia harufu yake. Ilimpeleka moja kwa moja kwenye kile chumba, kwenye suruali inayochuruzika.

Aliyemrudisha sokoni ni muuguzi aliyekuwa akimhudumia Fundi, ambaye alipita nyumbani kutoa pole. Walikaa sana. Mjane alimwuliza swali lililokuwa limemkaa kooni: je, ni dawa zake ndizo zilizomwua mumewe?

"Nilimwambia hapana," anasema muuguzi huyo, alipotafutwa kwa ajili ya simulizi hii. "Uvimbe ule haukuletwa na sanamaki. Zilichofanya dawa ni kumpa nafuu ya kudanganya. Kila alipopata choo, alijiona amepona, akaahirisha. Na yale maji ya sabuni yalimchubua bure. Mtu akikosa choo siku mbili tatu, maji ya kutosha, matunda, mboga na kutembea mara nyingi vinatosha. Akihitaji dawa, aulize ni ipi na kwa muda gani. Utumbo hauna haja ya kukwanguliwa, unajisafisha wenyewe. Lakini choo kikibadilika na kisirudi kilivyokuwa, au damu ikionekana, au mtu akakonda bila sababu, hapo aje tumwone."

Mama Maswali alirudi sokoni na maneno hayo, na tangu hapo hajampimia mtu kabla ya kumwuliza. Mwenye maumivu makali ya tumbo na homa hamwuzii. Mjamzito hamwuzii. Mtoto mdogo hamwuzii, hata mama akisimama hapo na kulia. Anayesema amekuwa akinywa kwa miezi, anamtolea kiti.

Mauzo yameshuka kwa kama nusu. Jirani yake wa meza ya pili, muuza viungo, amekwisha choka kumshauri. "Namwambia, dada, wewe unafukuza riziki kwa fimbo," anasema jirani huyo akicheka. Kisha anaacha kucheka. "Ila mimi mwenyewe alinihoji mpaka nikaenda kupimwa. Yangu ilikuwa bawasiri kweli. Nililala usingizi siku ile kama mtoto."

Siyo wote waliotoka na habari njema kama hiyo, na siyo wote waliokwenda. Wengi wanasonya na kuhamia meza nyingine. Mama Maswali anawajua kwa nyuso. Wakipita tena, anawasalimia na kuwatazama viunoni, kama nguo zimewalegea. Ni tabia iliyomwingia na hawezi kuiacha.

Anaulizwa kama anajilaumu. Mteja anafika, anampimia iliki, anamrudishia chenji, ndipo anajibu.

"Watu wananiambia nisijilaumu, nami nawaitikia ili wanyamaze. Lakini kuna kitu kinaniuma. Kila siku ya Mungu nilimwuliza, 'Fundi, umekula?' Miaka yote. Sikuwahi kumwuliza upande wa pili. Wageni niliwasikiliza, mume wangu nilimtania. Kama ningekuwa nimemzoesha, labda angesema. Labda asingesema, alikuwa mwanamume wa aibu sana. Lakini hiyo labda ndiyo ninayolala nayo."

Baraza la Fundi bado halijapangishwa. Mama Maswali amezungumza na uongozi wa soko, anataka kulichukua. Angeweka pazia na viti viwili, na muuguzi amekubali kuja siku za Jumamosi, akikaa na yeyote mwenye jambo analoshindwa kulisema mezani mbele ya watu. Jibu la uongozi halijatoka. Wapo wanaosema sokoni si mahali pa habari za vyoo.

Lakini lililomkaa rohoni zaidi ni la nyumbani. Muuguzi alimweleza kwamba ndugu wa damu wa Fundi nao wapimwe mapema, hata kama hawaumwi. Binti amekubali kwenda wakati wake ukifika. Amebaki mdogo wake Fundi, fundi wa magari, mtu wa maneno mengi kwa kila jambo isipokuwa hili. Kila shemeji yake anapoligusa, anakumbuka gari la mtu linalomsubiri. Mama Maswali alimwekea miadi ya Jumatatu bila kumwuliza, akamtumia ujumbe, akaishia hapo. Jibu hakupata.

Meza inapokaribia kufunikwa, simu inaita. Anaitazama, anaweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ina mafuta.

"Shemeji," inasema sauti ya mwanamume, nyundo zikigonga nyuma yake. "Ile Jumatatu bado ipo?"

"Ipo."

"Hicho kidude chao wanakiingizia wapi?"

"Huko huko unakokujua, shemeji."

Nyundo zinagonga. "Utakuja na mimi?"

"Nitakaa mlangoni mpaka utoke."

"Haya. Nitakuja. Ila usimwambie mtu."

Mama Maswali anamtazama mwandishi, anauma mdomo. "Umechelewa, shemeji. Hapa nimekaa na mtu wa gazeti."

Kicheko kinapasuka kwenye simu, kikubwa, cha kukwama kwama, kikiwafanya hata wa meza ya pili wageuke. "Basi mwambie jina langu asiliandike!"

Simu inakatika. Mama Maswali anabaki kaishika, machozi yanamlengalenga.

"Umesikia anavyocheka?" anasema. "Ni Fundi yule yule."