Tulivyokagua Jiko la Muuza Chai

Kuandika si kazi yangu. Shule niliachia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, na sentensi zangu hupotea njia. Inawezekana pia mambo haya nimeyaona vibaya, maana tulikuwa watatu na wenzangu wawili waliyaona tofauti. Lakini nilikuwepo, na chai yenyewe niliinywa.

Miaka ile ya mkataba wa amani, Juba ilikuwa inajaa watu waliorudi. Wengine walitoka Uganda, wengine Kenya, wengine Khartoum, na kila mmoja alirudi na namna yake ya kuimba na kusali. Kanisani kwetu, mtaa wa Hai Malakal, tulibishana hata juu ya ngoma ipigwe lini. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: mwanamke anayetaka kutumika kanisani lazima awe na tabia. Tabia gani, hapo ilitegemea anayesema na siku yenyewe. Awe mpole, lakini asionekane amelala. Awe nadhifu, lakini asipendeze. Nyumba yake iwe na utaratibu, lakini apatikane kanisani kutwa. Mashemasi wanaume walipitishwa Jumapili moja baada ya ibada kwa kunyoosha mikono, na mmoja wao alinyoosha wa kwake kujipitisha mwenyewe. Sijasikia mtu aliyekwenda kwake kufunua sufuria.

Za wanawake tulifunua. Kwetu mama mhudumu alikuwa anavaa kitambaa cheupe kichwani, na kabla hajakipata, watatu kati ya wenye vitambaa walimtembelea nyumbani bila kumwambia. Aliwapikia chai. Wao wakaangalia jiko, wakaangalia mtungi, wakaangalia anavyopiga goti kutoa kikombe. Mwisho mwenyekiti wa akina mama alimwambia usoni kila kitu ambacho watu wanasema juu yake, naye alitakiwa anyamaze. Akijibu, ana ulimi. Mwenye ulimi hafai.

Safari hii aliyeomba kitambaa alikuwa mjane aliyeuza chai pale Custom, kwenye stendi ya mabasi. Huku kwetu mwanamke wa kazi hiyo anaitwa sit shai, na wapo wanaolitamka jina hilo kama wanatema mbegu ya limau. Nilimfahamu kwa sababu nilifanya usafi kwenye ofisi za mtaa wa Thongpiny, na jioni nikirudi nilipita kwake. Alikuwa akipeleka birika lake wodi ya wanawake hospitalini, kwa wagonjwa waliotoka mbali wasio na ndugu mjini. Wengine walifia mikononi mwake. Lakini kanuni yetu ilisema mwili wa mwanamke wa kanisa unaoshwa na wenye vitambaa peke yao, kwa hiyo mtu aliyekuwa akimnywesha asubuhi, jioni hakuweza kumgusa. Yeye alisimamishwa mlangoni, na ilibidi marehemu angojee hadi mmoja wetu apate nafasi.

Aliniambia, "Dada, mimi sitaki kiti cha mbele. Nataka tu nisisimamishwe mlangoni."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Mwenyekiti alikuwa mama aliyekaa miaka mingi uhamishoni Uganda. Katibu alikuwa binti wa Nairobi aliyeolewa na mtu wa wizarani. Wa tatu nilikuwa mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa kimya. Mwenyekiti nimpe haki yake: wakati wa vita aliwatoa akina mama wenzake kwa miguu hadi mpakani, na aliyekuwa mgongoni kwake ni mtoto wa mwingine. Ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza. Labda mtu aliyewahi kuongoza watu namna hiyo hawezi tena kuacha kuwaongoza.

"Hodi!"

"Karibuni, mama zangu, karibuni ndani."

Uwanja ulikuwa umefagiwa. Katibu aliinama akachungulia chini ya kitanda. Sijui alitafuta nini. Alikuta ndoo.

Kisha chai ikaja, kwenye glasi ndogo, nyeusi, yenye tangawizi na karafuu na sukari isiyoogopa mtu. Katibu alizoea chai ya maziwa. Akaonja, akaonja tena.

"Aki hii chai, wacha tu," alisema. "Niongezee kidogo, nijue ni tangawizi ama ni nini."

"Hata mimi," akasema mwenyekiti. "Mimi iko na kikohozi."

Akaongezewa. Kikohozi hakikupona, akaongezewa tena, na hapo akavua viatu.

Alipokumbuka kilichotuleta, alivaa viatu kwanza.

"Sasa dada, wewe funga mdomo, sikia. Watu iko nasema wewe nacheka na vijana ya boda. Watu iko nasema askari moja nakaa kwa kiti yako mpaka jua nalala. Watu iko nasema watoto yako mbili ya mwisho hapana fanana."

Mama yule alikuwa anasuuza glasi. Aliendelea kusuuza ile ile moja. Nikaona mshipa wa shingo ukicheza. Tulipoinuka akapiga goti, akasema, "Asanteni kwa kufika."

Jumapili tukakaa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kuamua.

"Mmeona?" katibu alianza. "Hakukana hata moja."

Nilifikiri anatania. Nikasema, "Lakini si sisi tulimwambia asijibu?"

"Tulimwambia, ndiyo. Lakini mtu msafi, uso wake unajibu."

Nikauliza ni nani hao waliosema. Mwenyekiti akasema, "Watu." Nikauliza watu gani. Akasema, "Watu iko mingi," akaniangalia kama mimi ndiye ninayekaguliwa.

Sitaki kumpamba huyu mama. Askari yupo, nilimwona kwa macho yangu, na alikaa kweli hadi jioni. Alikuwa na mguu mmoja, na kile kigoda ndicho kilichokuwa karibu na mabasi. Kama kulikuwa na jingine, sikuliona. Na vijana wa boda, anacheka nao, kicheko kikubwa ambacho hata mimi siku nyingine kilinichosha masikio. Asipocheka, atamuuzia nani? Haya yote niliyasema, ila nikiwa na wasiwasi maneno yangu hupandana, na katibu alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake.

"Halafu ile chai," mwenyekiti akamalizia. "Mama ya nyumba hapana jua pika chai namna ile. Ile chai ya kuita wanaume."

"Lakini mama, wewe uliongezewa tena na tena."

"Mimi ilikuwa napima."

Wakakataa wawili, nikakubali mmoja. Wakanituma mimi nikamwambie.

Nilimkuta Custom, vijana wa boda wamemzunguka. Nilimwambia pembeni. Alitikisa kichwa polepole.

"Kalas, yamekwisha," akasema. "Nijue kitu kimoja tu, dada. Ningejibu, ingekuwaje?"

"Wangesema una ulimi."

Akacheka kile kicheko chake hadi vijana wakageuka. "Basi bora ningejibu!"

Alicheka, lakini birika lilikuwa linafurika juu ya makaa na hakuliona.

Haukupita muda, nikitoka kazini nikamkuta mwenyekiti ameketi pale pale kwenye kigoda, mgongo kwa barabara. Kitambaa cheupe kilikuwa kwenye mkoba, pembe yake imechomoza.

"Mama," nikamsalimu, "bado unapima?"

"Kikohozi, dada," akasema bila kugeuka. "Kikohozi."

Mama wa chai akamwongezea tangawizi hata kabla hajaombwa. Kama hiyo si tabia, sijui tabia ni nini.

Kisha wodini akafa mwanamke aliyeletwa kutoka mbali bila mtu. Wenye vitambaa wakaulizana: wa kanisa gani? Hakuna aliyejua. Basi si wetu, wakasema, na kila mmoja akakumbuka kazi aliyoiacha nyumbani.

Nilipompelekea habari, mama wa chai alizima makaa, ingawa ilikuwa bado saa ya wateja.

"Si wa kwenu," akasema. "Basi leo mlangoni hakuna wa kunisimamisha. Beba hiyo ndoo."

Ndoo ilikuwa ile ya chini ya kitanda. Tulimwosha pamoja. Alimsemesha marehemu kwa sauti ndogo kama mtu anayeogesha mtoto, akimwomba msamaha kwa maji baridi. Nikaona haya, sijui kwa nini, kama nimeingia mahali bila kupiga hodi. Ilipofika kufunga taya, akatazama huku na huku akitafuta kitambaa. Nikavua cha kwangu kichwani, nikampa. Akakipokea, akafunga fundo zuri.

Jumapili nikaenda kanisani kichwa wazi. Mwenyekiti akanisimamisha mlangoni.

"Dada, kitambaa iko wapi?"

"Kiko kazini, mama."

Akaniambia nina ulimi.