Mama Mdogo Katika Filamu ya Jini

Napenda filamu za bei rahisi, zile zinazopigwa mitaa ya kwetu kwa kamera moja na taa ya kuazima. Wenzangu wa ofisini Changamwe hunicheka. Wao huenda Nyali kutazama za ng'ambo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Mimi nataka ile ambayo maiti anapumua, jogoo anawika katikati ya maneno ya mapenzi, na tajiri na maskini wanakaa sebule moja, ila mapazia yamebadilishwa. Kasoro hizo hazinikeri. Kinachonikeri ni kilio. Mtu akifiwa lazima apige mayowe, aanguke, agaragare, na muziki uongezwe juu yake. Nikiona hivyo nahisi aliyeandika hajawahi kufiwa.

Mwaka juzi vijana fulani walikwenda Utange kwa mama yangu mdogo. Walitaka nyumba yenye kisima, maana jini wao angetokea kisimani. Akawakubalia, kwa sharti wavue viatu mlangoni na kazi isimame ikiadhiniwa. Nilikwenda kutazama, nami nilikuwapo mwigizaji mmoja wa kike alipopiga simu kusema hatakuja. Alikuwa aigize mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekufa.

Mwongozaji, kijana wa bara mwenye adabu zake, akamgeukia mama mdogo. "Mama, tusaidie. Ni kidogo tu. Ukiambiwa, unapiga mayowe, unaanguka."

Hakujua. Mwana wa pekee wa mama mdogo aligongwa na lori Port Reitz akitoka kazini, na tangu azikwe hakuna aliyemtaja nyumbani mle.

"Tafuteni mwingine," nikasema.

"Hebu niache," mama mdogo akanijibu. "Nitafanya. Lakini mayowe sipigi."

Wakamketisha jikoni juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, sahani ya wali mbele yake. Mwigizaji mmoja akaingia anahema, akasema maneno yake. Mama mdogo akamtazama.

"Haya," akasema.

Kisha akachukua kawa, akaifunika ile sahani polepole, akahakikisha imekaa sawa. Mkono wake ukabaki pale juu.

Mwongozaji akakuna kichwa. "Mama, watu watataka machozi."

"Siku ile mimi sikulia, mwanangu. Nilifunika chakula chake."

Ndipo kijana alipoelewa. Akainama. "Pole sana, mama. Nitaifuta."

"Usifute."

Filamu ilionyeshwa alasiri ya Jumapili kwenye ukumbi wa mtaa, mashuka yamefungwa madirishani. Jini alipotoka kisimani na kandambili miguuni, watu walicheka mpaka wakapigana mabega, nami nikiwamo. Halafu kikaja kipande cha jikoni. Hapakuwekwa muziki. Ilisikika ndege ikipita mbali, na redio ya jirani. Kicheko kikakatika. Mwanamke aliyekaa mbele yetu akajifunika mdomo kwa mtandio. Mama mdogo alijitazama mwenyewe mpaka mwisho wa kile kipande, bila kupepesa.

Tulirudi kwa miguu. Njiani akamtaja mwanawe kwa jina. Nilishtuka, nikaogopa hata kumtazama.

"Alikuwa hali wali bila pilipili," akasema. "Wakumbuka?"

"Nakumbuka. Na akitokwa na machozi husema ni moshi."

Akacheka. Tukaendelea hivyo hadi nyumbani, tukakaa barazani tukimzungumzia, mama mdogo akinieleza mambo ya utoto wa mwanawe ambayo sikuyajua.

Baadaye vijana wakarudi na filamu nyingine, wakimtaka tena aigize mama mwenye msiba. Akakataa katakata. "Nipeni mke mwenza mkorofi," akawaambia. Wakampa. Ameigiza vibaya, wallahi. Kila akimaliza kutukana huiangalia kamera kuona kama bado ipo. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nacheka peke yangu.