Mdogo Wangu Kaulizwa Habari za Mahakimu

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, msidhani wivu ni wa wasichana tu. Mimi ulinishika na mvi zangu, hapa Guangzhou, nimekalia robota la magauni ya soko la Shahe.

Mdogo wangu anaishi Marekani, na uraia wa huko ameshapata. Asubuhi hiyo alinipigia simu ya picha akanionyesha karatasi ya kura iliyomfikia kwa posta. Jimbo lake linawauliza wananchi: mahakama ndogo za wilayani zibadilishwe, asihukumu tena mtu ambaye hakusomea sheria? Ndiyo au hapana.

Roho iliniuma. Huyu nilimbeba mgongoni. Niliacha shule darasa la nne ili nimlee, yeye akasoma. Kesi yangu ya kiwanja kule nyumbani imenizungusha miaka, njoo mwezi ujao, njoo mwezi ujao, na hakuna aliyewahi kuniuliza mahakama iweje. Yeye hajakanyaga mahakamani hata siku moja, analetewa swali mpaka mlangoni.

"Dada, wewe ndiye unayezijua kesi," akasema. "Utakachosema ndicho nitakachoweka."

"Weka hapana. Kuhukumu ni akili, si vyeti. Mimi hapa wenzangu wa biashara wananiletea magomvi yao, nimesomea wapi?"

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa anafunga mzigo pembeni. Hakuinua kichwa.

"Juzi ulimpa wifi nafasi yangu kwenye kontena la mizigo ya nyumbani, mama. Mimi ulinisikiliza?"

"Wifi yako alieleza vizuri."

"Alieleza peke yake."

Mdogo wangu akacheka kwenye simu. "Kumbe hakimu mwenyewe ndiye huyu?"

Kicheko kile kiliniwasha kuliko karatasi. Lakini mkwe alisema kweli. Yule binti nimemzaa, huyu kaolewa tu kwetu, basi nikakata shauri kabla hajafungua mdomo. Ndivyo na hakimu wa kesi yangu ya kiwanja anavyonifanya mimi: miaka yote hiyo hajanisikiliza hata siku moja.

"Weka ndiyo," nikasema. "Aliyesomea sheria angalau kafundishwa kusikiliza pande zote mbili."

"Umegeuka, dada?"

"Weka ndiyo. Kalamu si unayo wewe?"

Wivu haukuisha. Mpaka leo ile picha ya karatasi ikitokea kwenye simu naigeuza kifudifudi. Lakini siku ile nilipokata simu nilisema nyumba nzima isikie: "Kontena lisifungwe. Mwiteni binti yangu atoke huko Shahe, aje akae kimya hapa, na mkwe ndiye aanze kusema."