Taa ya Duka la Mama

Enzi zetu hapa Kasongo betri za tochi hazikufa, zilipumzika tu. Zikichoka tulizianika juu ya mabati pamoja na mihogo, na jioni zilirudi kazini. Vijana wa leo wakisikia hayo wanacheka, wao ambao simu ikikaribia kuzima wanahangaika utadhani wamefiwa.

Mama aliuza vitenge katika chumba kisicho na dirisha. Mteja alilazimika kutoka na kitenge mpaka barabarani kutazama rangi, na akikutana na rafiki huko, maongezi yalimpeleka hadi kwake nyumbani, kitenge mkononi. Idi ilikaribia, na mama alikuwa amechoka kukimbizana na watu.

Mimi na kaka yangu Ramazani tukaahidi kumwekea taa. Tulikuwa na vitaa viwili vya LED tulivyoving'oa kwenye tochi mbovu. Ya kwanza tuliifunga na resista moja, kile kidude cha kupunguza umeme, na betri nne za kuanikwa, tukajaribu resista hii na ile mpaka ikawaka vizuri. Mama alifurahi hata akatununulia betri mpya. Tulizitia mbiombio. Taa ikang'aa, ikageuka bluu, ikazima, ikatuachia harufu ya kuungua. Nililia sana.

"Ile ingine musiiguse," mama alisema. "Iko moja tu."

Tukaenda kwa mjomba Amisi, fundi wa redio. Alicheka kwanza, ndiyo kawaida yake, kisha akachomoa transista mbili na resista mbili kwenye redio iliyokufa.

"Mulipima na betri za kuchoka," alisema. "Hizi mupya ziko na nguvu. Sasa muangalie hizi transista mbili: huyu anapitisha moto wa betri, huyu anamuchunga. Moto ukizidi, anamukaza mwenzake. Betri ikuwe mupya, ikuwe ya kuchoka, taa inapata kile kile."

Tuliunga wenyewe, kwa risasi ya kulehemu na msumari uliopashwa kwenye makaa. Vidole vyangu viliungua, na nilijivunia kila lengelenge.

Dukani, mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Ramazani, mjuaji wetu, aliogopa akanipa waya mimi. Nikasema Bismillahi, nikagusa betri mpya. Ikawaka! Tukahesabu mpaka mia, wala haikugeuka rangi. Tukatia zile za kuanikwa, mwanga ukawa ule ule. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Siku hizi taa za sola ziko kila duka. Moja ikizima, binti yangu anasema, "Imekufa, mama, tununue ingine," na jioni tunayo mpya. Zinawaka kuliko yetu, sikatai. Lakini anabonyeza swichi huku macho yakiwa kwenye simu. Mama tulishamzika, Ramazani anaishi Kabambare, na mimi ningetoa taa zote za nyumba hii nirudishiwe ile dakika kabla waya haujagusa betri, sote watatu tumezuia pumzi.