Vimenikaa Vizuri

Watu wa Kitengela wanamjua Dalmas kwa mwendo. Wengine hujulikana kwa kitambi, wengine kwa domo, yeye ni mwendo. Anatembea taratibu, kifua mbele, hatua moja inaisha kabisa kabla nyingine haijaanza, utadhani amebeba trei ya chai ya wageni. Ni kwa huo mwendo kanisa lilimpa kazi ya kusimama mlangoni Jumapili na kuwaonyesha watu viti. Akina mama walimbandika jina la Askofu. Mkewe Nanjala akisikia wakimwita hivyo alikuwa anatabasamu hadi magego yanaonekana.

Sasa ngoja nikwambie huo uaskofu ulitoka wapi. Ulitoka kwa viatu.

Wakati wanajiandaa kufunga ndoa huko kwao Kimilili, Nanjala alimnunulia bwana harusi viatu vya ngozi nyeusi, pua imechongoka, vinang'aa mpaka ungeweza kujichokonolea meno ukijitazama humo. Alivileta ndani ya boksi lake, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Dalmas akatia mguu, na papo hapo akajua. Vilikuwa namba mbili chini ya mguu wake. Vidole vilipandana humo ndani kama abiria wa sikukuu.

"Vimekukaa?" Nanjala akauliza, macho yanacheka.

Sasa Dalmas angemwambia nini? Huyo kijana alikuwa amependa, jamani. Angeletewa chupa mbili za soda na yule msichana angezivaa. Akameza mate, akasema, "Vimenikaa vizuri."

Haya. Ukishasema hivyo umesema. Alitembea hadi madhabahuni amekaza meno, na kwa sababu hakuweza kutembea haraka, alitembea pole pole, na watu wakasema, tazama heshima ya huyo kijana. Wakahamia Kitengela akapata kazi ya stoo kwenye kiwanda cha saruji upande wa Athi River. Siku za kazi alivaa mabuti mapana ya kiwandani, akapumua. Lakini Jumapili, matanga na harusi, vile vyeusi vilitoka kwa boksi. Soli ilibadilishwa mara nyingi hadi fundi akasema kilichobaki cha zamani ni pua tu. Baada ya ibada Dalmas angesema anaenda kupumzika kidogo, afunge mlango wa chumba, atumbukize miguu kwenye beseni la maji baridi na kufumba macho. Nanjala alipita pale nje kwa kunyata. Alidhani mume wake anaomba.

Sukari ikamkuta miaka michache iliyopita. Hakubisha. Aliacha kutia sukari kwa chai, akameza dawa zake, akapunguza ugali, na hapo mjue kwa Mbukusu kama yeye tumezungumzia msiba. Kila kitu alifuata, akaona ameshamaliza hayo maneno.

Basi Jumapili moja mwaka jana, amesimama mlangoni kanisani na mahubiri yamekolea, akagundua kuna kitu kinakosekana. Akatafuta ni nini. Ni uchungu! Viatu havimbani. Akachezesha vidole, akakanyaga huku na huku, wapi. Kimya. Nusura apige haleluya mahali ambapo hapakuwa na haleluya. Wakienda nyumbani akamwambia mkewe, "Mama Whitney, hivi viatu vyako ni vizuri ajabu."

"Si ni vizuri siku zote?"

"Leo vimezidi."

Alifurahi mtu huyo, we acha tu. Alijiambia kwamba ngozi hatimaye imekubali, kwamba miaka yote ya kuvumilia imelipa. Akaanza kuvivaa hata siku za kazi. Na furaha ilikuja na wenzake, kwa maana Whitney, kifungua mimba wake, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kajiado anaitwa Lemein. Ng'ombe walishatolewa, wazee walishakunywa chai pande zote mbili, harusi ikapangwa Disemba. Dalmas ndiye angemshika binti yake mkono na kumtembeza kanisani mpaka mbele. Kila alipolifikiria hilo aliona picha moja tu, Whitney kando yake na vile viatu vyeusi chini, vile vile vilivyompeleka yeye kwa mama yake.

Nanjala akaja kukuta soksi.

Alikuwa anafua uani, akashika soksi moja imekauka na kukakamaa. Akaingia nayo ndani.

"Baba Whitney, hii ni nini?"

"Si ni rangi ya viatu."

"Rangi nyekundu kwa viatu vyeusi? Leta mguu hapa."

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, kimefunguka kama mdomo. Nanjala akachukua kiatu, akaingiza mkono ndani, akautoa mbio huku akinyonya kidole. Msumari wa fundi ulikuwa umepenya soli na kusimama wima. Akapiga kelele, "Mayi! Umetembea juu ya msumari, unaingia hapa unaniambia habari za rangi?"

Dalmas akautazama ule msumari. Hakujua alianza kuukanyaga lini. Hapo ndipo alipoogopa, na hakuogopa uchungu, aliogopa kwa sababu uchungu haukuwepo.

Kliniki ya sukari walimkuta Sista Adero, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini. Alisafisha kidonda bila haraka, akakifunga, kisha akashika mguu mwingine, ule mzima. Akatoa kifaa kidogo chenye uzi mgumu kama wa kuvulia samaki.

"Baba, funga macho. Nitakugusa na huu uzi hapa na pale. Ukinisikia sema ndiyo."

Dalmas akafunga macho. Akatega hisia zote, hakutaka kufeli mtihani mbele ya mke wake. Akangoja. Akasikia mtoto akilia huko kwa chanjo, akasikia Nanjala akishusha pumzi. Akangoja tena mpaka adabu ikaisha.

"Sista, kwani utaanza saa ngapi?"

"Nimemaliza, baba."

Akafungua macho. Nanjala alikuwa amegeuka ukutani, mabega yanatikisika. Dalmas alitamani msumari umchome mara mia kuliko kuyaona yale mabega.

"Miguu yako imeingia ganzi," Adero akamwambia. "Ni sukari imefanya hivyo. Wewe ulidhani viatu vimelainika. Havijalainika hata kidogo, vinakusaga vile vile, ni vile huna wa kukuletea habari. Hiki kidonda tukikichezea tutapoteza huu mguu. Sikutishi, naongea."

"Niko na harusi ya mtoto Disemba," Dalmas akasema, sauti imekuwa ndogo. "Nataka kumtembeza."

"Utamtembeza ukinisikiza." Akaanza kumhesabia kwa vidole, naye Nanjala akijirudishia kila neno chini chini kama mtoto wa shule. Asiukanyagie huo mguu ovyo. Kidonda kikipona, atafute viatu vipana, vyenye kina, pua ya duara, ndani laini bila mshono wa kukwaruza. Akanunue jioni, miguu ikiwa imeshavimba ya kuvimba, na aanze kuvivaa kidogo kidogo nyumbani. Kabla ya kuvaa, mkono uingie ndani. Jioni miguu itazamwe, chini na katikati ya vidole. "Na ukienda dukani usiulize mguu wako kama kiatu kimekaa. Huo mguu hauna habari yoyote."

Wiki nyingi zilipita. Dalmas akawa mtu wa kukaa kwa sofa na mguu kwenye stuli, Nanjala akiosha, Nanjala akifunga, Nanjala akimrudisha kwa Adero. Kidonda kilikuwa na kiburi lakini mwishowe kikafunga. Siku hiyo Nanjala alimsimamisha juu ya kadibodi, akachora mguu wake kwa kalamu pande zote, akaukata huo mchoro kwa makasi. Jioni wakaenda soko la Kitengela, kwa muuza viatu vya mitumba.

Balaa ilianzia hapo. Kila kiatu kilichomtosha Dalmas alikikataa. "Hiki hakiko. Sisikii kitu. Kinapwaya." Akapewa kingine, akakataa. Kisha akachukua kimoja chembamba kupita hata vile vya zamani, akajisukumia ndani kwa nguvu, uso ukanawiri. "Hiki sasa nakisikia! Hiki ndicho!" Nanjala akamvua, akatumbukiza ule mguu wa kadibodi ndani. Ukajikunja pembeni kama chapati. Akamwonyesha.

"Unakisikia kwa sababu kinakuua," akasema.

Muuza viatu akacheka hadi akaketi. Mwishowe kadibodi ikalala sawasawa ndani ya viatu fulani vyeusi, vipana, pua ya duara, vya kufungwa kwa mkanda wa kubandika. Dalmas alivitazama vile mtu anavyotazama mboga asiyoitaka. "Mama Whitney, hii ni mikate miwili."

"Basi utavaa mikate."

Alivaa. Nyumbani, sokoni, hata kazini. Lakini moyoni alikuwa na lake. Alipeleka vile vya zamani kwa fundi vikatolewa msumari, akavipiga polishi, akavificha ndani ya mfuko wa kubebea suti. Siku moja tu, alijiambia. Masaa machache. Viatu alivyopewa na huyo mwanamke ndivyo vitakavyompeleka mtoto wa huyo mwanamke.

Siku ya harusi walivalia nyumbani kwa wakwe, Kajiado. Chumba kilikuwa kimejaa wasichana wakimvisha Whitney shanga juu ya gauni lake jeupe, shanga za shingoni, za mkononi, nyingine zimemwagika sakafuni. Dalmas alingoja watoke, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza mguu mmoja kwenye kiatu cha zamani. Mlango ukafunguka. Nanjala.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Vua."

"Ni siku moja tu, mama."

"Huo mguu nimeuosha kwa mikono hii. Nimeamka naunusa nione kama umeoza. Leo unanirudisha huko kwa sababu ya nini? Urembo?"

"Si urembo. Ni wewe ulininunulia."

Nanjala akaketi kando yake. Akakitazama kile kiatu, pua yake kali, na ule mguu mpana uliojaa hadi kumwagika juu. Akatazama tena. Macho yake yakatoka kwa kiatu yakaja usoni mwa mume wake.

"Dalmas. Hivi viatu vilikukaa?"

Hakuwa amemwita jina tangu Whitney azaliwe. Dalmas akaona hapa hakuna pa kupitia.

"Havikuwahi kunikaa. Hata siku ya kwanza."

"Na ule mwendo?"

"Ni kuumia."

"Mimi niliupenda ule mwendo!" Nanjala akapiga mikono pajani. "Nimewaringia watu kanisa zima! Kumbe mtu anachomeka!" Na hapo kicheko kikamshinda, akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akamshika mume wake kichwa akakilaza begani. "Wewe mjinga wewe. Ungeniambia tu. Ningevirudisha dukani."

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nanjala akamvua kiatu mwenyewe. Akavuta ile mikate miwili kutoka chini ya kitanda, akaingiza mkono ndani ya kile cha kushoto, akapapasa hadi mwisho. Kisha cha kulia. Mkono ukasimama. Akautoa na kuufungua: ushanga mmoja wa bluu, mgumu kama punje ya mahindi, ulikuwa umeanguka humo wakati wa kumvisha bibi harusi. Dalmas angeukanyaga siku nzima, akicheza, akicheka na wakwe. Wakautazama wote wawili. Dalmas akanyoosha miguu, akavishwa.

Nje ya kanisa alikutana na Kakuta, baba yake Lemein, amevaa suti safi na akala za tairi. Dalmas alijikaza kwa aibu, lakini mzee akainamia viatu kwa hamu kabisa. "Pakiteng," akasema, kwa maana ndivyo Wamasai wanavyoitana waliopeana ng'ombe, "hivi viko na nafasi ya vidole. Vidole pia ni watu. Umetoa wapi?"

Basi Dalmas akampa Whitney mkono, wakaingia. Na mwendo ulikuwa ule ule, hatua moja inaisha kabisa kabla nyingine haijaanza. Mwili ulikuwa umeshazoea. Watu wote walimtazama bibi harusi na shanga zake. Nanjala, pale kiti cha mbele, alitazama chini, hatua kwa hatua, mpaka wakafika.

Dalmas akauweka mkono wa binti yake ndani ya mkono wa Lemein. Akajifuta macho, akarudi, akaketi kando ya mkewe. Pasta alikuwa ameshaanza kusoma. Dalmas akamwinamia sikioni.

"Mama Whitney," akanong'ona, "vimenikaa?"

Nanjala akainama pale pale mbele ya wakwe na kanisa zima, akabonyeza pua za viatu kwa dole gumba, mbele ya vidole vya mumewe, kushoto, kisha kulia. Akainuka, akamshika mkono.

"Vimekukaa vizuri."