Sindano Ambayo Mama Gentille Alikataa Kuazima

Mji mzima wa Baraka ulijua kwamba Mama Gentille hajui kusema hapana. Ukitaka sufuria yake kubwa, chukua. Ukitaka makaa, chumvi, hata kitenge kipya ambacho yeye mwenyewe hajakivaa, chukua! Ndiyo maana siku alipokataa, watu walishika vichwa.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari na mwili mzito. Munganga wa hospitali ya Uvira alimwandikia sindano ya kupunguza sukari na uzito, kalamu moja yenye dozi nyingi, ya kujipiga mara moja kwa juma, akamwanzisha na kipimo kidogo kabisa. Hata hicho kidogo kilimtapisha.

"Pole pole, mama," munganga akamwambia. "Tumbo lizoee kwanza. Kupandisha kipimo ni kazi yangu."

Miezi ikapita, kipimo kikapanda, kiuno kikaanza kuonekana. Wambeya nao! Eti mume anamnyima chakula. Mama Gentille alicheka, akakaza kitenge, akaendelea kuuza ndagala zake, samaki wadogo wa ziwani.

Kisha akaja Aline, dada mdogo wa mume wake, aliyekuwa karibu kuolewa, na gauni lake la harusi limembana.

"Wifi, unipige sindano yako na mi. Robe ya ndoa inakatala kufunga. Tutabadilisha ncha ya sindano, basi."

"Hapana."

"Unaninyima? Mi, wifi yako?"

"Nakunyima! Kipimo hiki nilikipanda kwa miezi, we unataka kukiruka siku moja? Utatapika mpaka ushindwe kusimama mbele ya pasta. Na hata tukibadilisha ncha, damu yangu inaweza kubaki ndani ya kalamu. Dawa hii munganga aliniandikia mi, we hajakupima."

Aline akalia kwa hasira, akaapa kwamba siku ya harusi Mama Gentille atakaa nyuma kabisa, na watu wasiojulikana. Neno hilo lilimchoma mama wa watu. Hata hivyo alimwekea sahani ya ndagala, na Aline akaisukuma mbali, pua kaziba. Aline, aliyekuzwa kwa ndagala!

"Aline. Mwezi wako uliuona lini?"

Binti akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

"Ee Mungu wangu! Simama, twende kwa munganga sasa hivi. Mwenye mimba haguswi na sindano hii."

Ilikuwa mimba kweli. Mshonaji akafumua robe ubavuni, akaongeza kitambaa.

Siku ya harusi, Mama Gentille alienda mwenyewe kukaa nyuma, kama alivyoambiwa. Aline akamwacha bwana harusi amesimama, akapita katikati ya wageni, akamshika mkono.

"Mumuone wifi yangu," akasema kwa sauti, akimvuta mpaka mbele. "Huyu ndiye aliyeninyima."