Shimo la Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Nimeandika vitabu vitatu vya safari za wagunduzi, na kwa miaka mingi gazeti letu hapa Goma limenituma popote panapofuka moshi. Kwa hiyo sikushangaa Alhamisi, mwalimu mmoja wa mtaa wetu wa Katoyi aliponipigia simu. Alisema darasa lake limesoma kitabu changu cha mwisho, na Jumamosi saa moja asubuhi atawashusha wanafunzi arobaini kwenye shimo la ukurasa wa arobaini na tatu, lile ambamo pichani naonekana nimechuchumaa chini kabisa, nikicheka.

"Utakuya kutuelezea, papa?"

Nilikubali kabla hajamaliza. Nikaamua kutangulia siku moja, nipange maneno yangu vizuri.

Shimo lenyewe liko kando ya barabara ya Sake. Mashimo ya huko huogopwa kwa sababu ya mazuku, hewa itokayo ardhini, isiyoonekana wala kunuka, inayotuama kwenye mabonde na kuua. Mimi nilishuka na kipimo changu, kikaonyesha sifuri, nikaandika kwamba shimo hili ni salama. Sentensi ile niliipenda sana.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda pikipiki. Ukungu ulikuwa bado umelala ziwani. Tulipishana na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizosheheni makaa, na dereva akayalaani mawe ya volkano mpaka nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika kitabu juu ya mawe hayo. Akaongeza mwendo, sijui kwa heshima au kwa kunichoka.

Saa moja kasoro robo nilifika. Ukingoni alisimama mfugaji aliyetoka vilima vya Masisi, niliyekuja kujua anaitwa Mama Riziki, mbuzi wake wakiwa nyuma yake. Nilimsalimu, nikaanza kushuka.

"Papa, simama hapo," akasema, bila kupaza sauti.

Nikamweleza mimi ni nani. Alishanijua.

"Ni weye mutu wa ile aparey ya kupima. Siku ile ulikuya saa sita, jua kali."

Akafunga majani makavu kwenye ncha ya mti mrefu, akayawasha, akayateremsha polepole. Moto uliwaka vizuri hadi nusu ya shimo, kisha ukazimika. Akaupandisha, akawasha tena, akashusha. Ukazimika palepale. Ndipo nilipoona, chini kabisa, ndege wawili waliokufa.

"Usiku mazuku inajaa," akasema. "Jua na upepo vikikuya, inapunguka. Kila asubui tunapima na moto mbele ya kupitisha mbuzi. Na weye ulikuwa na bahati tu."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Akilini niliwaona wale watoto arobaini wakishuka, kitabu changu mkononi.

"Kwa nini hamukuniambia, mama?"

"Haukutuuliza. Ulikuwa unaongea na aparey yako. Tukasema, huyu anajua."

Niliona aibu, na sikuificha.

Kabla ya saa tatu nilikuwa nimerudi Katoyi, shuleni. Nilimsimulia mwalimu yote, nikisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Basi tunaacha safari?" akauliza.

"Tutaenda. Lakini hakuna atakayeshuka, na mwenye kueleza si mimi."

Jumamosi watoto walisimama mbali na ukingo, upande unakotoka upepo. Mama Riziki alishusha moto wake bila maneno mengi. Ulipozimika, watoto wa mbele walirudi nyuma, na mwalimu akanitazama, akaondoa macho haraka.

Baadaye waliniletea vitabu nivitie sahihi, vitabu kumi na kimoja vya darasa. Nilizoea kusaini ukurasa wa kwanza. Safari hii nilifungua wa arobaini na tatu, nikaifuta sentensi yangu kwa kalamu, nikaandika pembeni ya picha na kutia sahihi hapo. Nilikuwa nimemaliza vyote Mama Riziki alipotaka asomewe.

Nikamsomea: "Shimo hili ni hatari. Nilikosea. Aliyenifundisha ni Mama Riziki."

Akagusa nafasi iliyobaki pembeni ya picha.

"Andika na saa," akasema. "Ulikuya saa sita, beye batoto bangekuya saa moja. Bila saa, mutu atapima saa sita kama weye, atakuta sifuri, atasema ni weye muongo."

Katika vitabu vyangu vyote vitatu nimetaja vilima, kina na majina ya wagunduzi. Saa sikuwahi kuandika hata moja. Nikaviomba vitabu virudi, vyote kumi na kimoja, nikaanza tena na cha kwanza.